Babu Amesema Weka Saini

Thornhill, Toronto,
Kanada.
9 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu Mwantumu,

Assalaamu aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote waliomo nyumbani Ngamiani. Vipi jicho? Nimesikia mtoto wa jicho ametolewa salama na sasa unawaona hata wanaokunyemelea jikoni kudokoa nyama. Alhamdulillahi. Na presha je? Dawa unameza, au bado unazificha chini ya mto na kumwambia mwanao Hemedi umeshameza? Nakujua mimi, wifi. Magoti yangu ndiyo hayo hayo, yanalalamika baridi kabla redio haijaitangaza. Theluji ya kwanza imeanguka leo asubuhi, kidogo tu, kama unga uliomwagika, na imeshayeyuka.

Barua hii sikuitia posta. Anakuja nayo Nazira, binti wa jirani yetu, anayekwenda Tanga kumwona bibi yake. Nimemwagiza akupe wewe mkononi, asimpe Hemedi, na akusomee mwenyewe ukiwa umeshakunywa chai. Kwa hiyo kama umesimama, wifi yangu, kaa kitako.

Kaka yako Madatali hatunaye tena. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Ametutoka tangu mwezi wa nne. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, huku anagombana na mwanetu Ashif kwa sababu ya viatu, ati hawezi kuonekana na daktari akiwa amevaa ndara. Jioni ile ile moyo ukasimama. Nilikuwa nimemshika mkono. Watu wetu wa imambara, ukumbi wetu wa ibada wa Bathurst, walimwosha na kumswalia, na kesho yake tukamzika huko kaskazini, kupita Richmond Hill. Kila alichostahili maiti wa Kiislamu alikipata.

Lia, wifi. Hata mimi nalia ninapoandika. Ukishalia utauliza, na una haki ya kuuliza kwa ukali: mwezi wa nne mpaka leo, mbona sikuambiwa? Nitakujibu. Ila jibu lenyewe linapitia kwa mjukuu wetu Jamaludin na mpira wake wa kikapu, kwa hiyo nivumilie nianze mbali kidogo.

Jamaludin ni mtoto wa Ashif na mkewe Hina. Picha yake unayo, yule ambaye mpiga picha alimkata kichwa kwa urefu. Urefu ule hatujui kautoa wapi, maana ukoo mzima tunaishia kwenye kitasa cha mlango. Mpira alifundishwa Markham, katika ukumbi wa kocha mmoja wa hapa hapa Toronto anayeitwa Lloyd. Ni Mkristo, mkali, na ana moyo safi. Madatali ndiye aliyekuwa akimpeleka mtoto kila Jumamosi. Anakaa na chupa yake ya chai ya tangawizi na kupiga kelele kama yuko Mkwakwani anaitazama Coastal Union, mpaka Lloyd anamwomba kwa adabu apunguze.

Kulikuwa na jambo lao wawili. Kabla ya kila mchezo lazima Jamaludin amwendee babu yake, ainamishe kichwa, asomewe Ayatul Kursi na kupuliziwa utosini. Alipokwenda kusoma Marekani wakahamishia simuni. Babu anasoma, anaipuliza simu mpaka kioo kinaingia ukungu, na mtoto huko aliko ameiweka simu juu ya kichwa. Wenzake walimcheka sana mwanzoni. Baadaye, wallahi, wakawa wanapanga foleni na wao wapuliziwe.

Chuo cha kwanza kilikuwa kidogo, mji mdogo wa Ohio, mashamba ya mahindi kila upande. Alipewa ufadhili wa masomo, na mwaka wa kwanza tu akacheza karibu kila mchezo. Pale watu walimjua. Muuza duka alimjua, mama mmoja wa kanisani alimpikia wali bila nguruwe baada ya kuuliza mwenyewe anakula nini. Sisi huku tulilala usingizi, maana mtoto alikuwa ametua.

Sasa sikiliza mambo ya siku hizi. Wewe unajua Simba na Yanga wanavyonyang'anyana wachezaji dirisha la usajili likifunguliwa. Basi huku Marekani wamelileta hilo vyuoni, kwa watoto wa shule. Zamani mwanafunzi akihama chuo alikaa mwaka mzima bila kucheza, kwa hiyo alifikiri mara mbili. Sheria ile imeondolewa. Sasa msimu ukiisha linafunguliwa dirisha, mtoto anaweka jina lake humo, na makocha wanachagua kama watu wanaochagua vitambaa dukani. Mwaka unaofuata anaweza kuhama tena, na mwingine tena. Wachezaji wanalipwa pia, na mawakala wamejaa kama nzi. Watoto wanakutana mwezi wa nane na kuagana mwezi wa tatu, hakuna anayejua jina la mama wa mwenzake.

Baada ya mwaka ule wa kwanza simu zikaanza. Chuo kikubwa cha Texas kinamtaka Jamaludin, uwanja wao wa ndani unaingiza watu kama Mkwakwani nzima. Ashif akapagawa kwa furaha. Unamjua Ashif, kazi yake ni kompyuta huko Markham, kila kitu anakipangia mahesabu, na mahesabu yote yalisema hama.

Kaka yako hakutaka. Alisema mtoto amepata mahali anapojulikana kwa jina, amuache akae amalize masomo yake. Ashif akamjibu kwamba sisi wenyewe tulihama Tanga, na tusingehama yeye leo angekuwa nani? Madatali akasema, "Mimi nilihama mara moja tu, na mpaka leo sijamaliza kufika." Lakini mtoto alihama.

Huko Texas, wifi, alikaa benchi. Masomo aliyofaulu Ohio hawakuyakubali yote, akarudishwa nyuma. Wachezaji wengine walikuwa watu wazima wenye ndevu, waliokwishapita vyuo kadhaa. Nilimtafuta kwenye kompyuta msimu mzima nikamwona akiwapa wenzake taulo. Babu aliendelea kumpulizia kila mchezo vile vile, ingawa alijua haingii. Nilimwambia, Madatali, unampulizia ili iweje, akae benchi vizuri? Akanikasirikia siku nzima.

Kisha msimu ukaisha na kocha wa Texas naye akahama. Ndiyo, nao wanahama! Alikwenda chuo kingine akachukua wachezaji aliowapenda, na kocha mpya akawaambia waliobaki kwamba anakuja na watu wake. Jamaludin akalazimika kuingia dirishani mara ya pili, safari hii si kwa kutaka. Na ukishaingia, chuo ulichotoka kinaweza kumpa mwingine nafasi yako na ufadhili wako. Maelfu wanaingia, na wengi wanabaki nje hivi hivi, hawana chuo wala timu. Hilo makocha hawalisemi wanapokuja kubembeleza.

Mtoto alinipigia simu akasema kitu kimoja: mara hii hatahama bila neno la babu. Mara ile alikwenda babu akiwa na kinyongo, na aliona mwenyewe yaliyomkuta. Safari hii babu akisema ndiyo ataweka saini, akisema hapana atarudi nyumbani. Na Ashif alilisikia hilo, kwa sababu simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa.

Chuo kimoja tu ndicho kilichomwita, kule upande wa magharibi, na wakamtaka aende kuwatembelea aone mazingira. Alikuwa huko wakati babu yake anafariki.

Wifi, wewe na mimi tunaijua desturi yetu. Mtu akiwa safarini, au ana mtihani, au ana mimba, haambiwi msiba. Mama yangu alipofariki Tanga nilikuwa na mimba ya Ashif, nikafichwa mpaka nilipojifungua. Nilikuwa naletewa salamu za mama, na mama yuko kaburini. Hakuna aliyeuita uongo. Uliitwa huruma, na mimi mwenyewe nilikuja kushukuru. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tulivyomlea Ashif.

Kwa hiyo pale hospitalini Ashif alipofuta machozi jambo la kwanza alilosema ni kwamba Jamaludin asiambiwe. Akiambiwa atapanda ndege, nafasi ataichukua mwingine kesho yake, na dirisha litafungwa. Aweke saini kwanza. Hina alikataa. Alilia akasema mtoto hatawasamehe. Ashif akamwambia mtoto atashukuru. Wakanigeukia mimi, na mimi, wifi, mume wangu amelala pale chini ya shuka, sikusema ndiyo wala hapana. Nilisema niacheni.

Tukazika. Lloyd alikuja mazishini, akasimama nyuma na kofia yake mkononi, akalia kuliko baadhi ya ndugu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumwambia Lloyd kwamba mtoto hajui. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida mno hata halihitaji kutajwa.

Siku ya tatu, siku ya hitima, nyumba imejaa watu na harufu ya biriani, simu ya Ashif ikalia. Ni Jamaludin. Chuo kinataka jibu, anamtaka babu. Ashif akatoka nayo kibarazani. Mimi nilikuwa ndani nimevaa nguo zangu za eda, dirisha liko wazi, nilisikia kila neno. Alimwambia babu amechoka, amelala. Mtoto akauliza, nadhani, babu anasemaje. Na Ashif akamjibu, "Babu amesema weka saini. Amesema Mungu akubariki."

Ilhali sauti za wasomaji Kurani zilikuwa zinasikika hapo hapo sebuleni! Naapa nilitaka kuinuka nimpokonye ile simu. Sikuinuka. Mtoto akaweka saini.

Siku iliyofuata Lloyd alimpelekea ujumbe wa pole, mrefu, mzuri, ameeleza jinsi watu walivyokuwa wengi makaburini na jinsi babu alivyokuwa akimkera na kelele zake. Ndivyo Jamaludin alivyojua. Alijua kwa mtu baki, akiwa peke yake katika chumba cha wageni cha chuo asichokijua, saini yake haijakauka.

Hakumpigia baba yake. Alinipigia mimi. Unajua watoto wa huku wifi, Kiswahili wanakielewa lakini ukiwasemesha wanajibu Kiingereza. Miaka na miaka nimemsemesha Kiswahili mtoto yule na sijawahi kupata jibu la Kiswahili zaidi ya "ndiyo" na "sitaki". Siku ile alisema, "Bibi, babu yuko wapi?" Vizuri kabisa, kila neno mahali pake. Nikamwambia babu tumemzika. Simu ikakatika.

Hakuja arobaini. Hakuja kiangazi chote. Baba yake alipiga simu mpaka akachoka, mama yake alijibiwa maneno mawili matatu. Mimi alikuwa akinipigia Ijumaa, ananiuliza hali, namuuliza hali, tunaagana. Kuhusu mpira hakutaka kusema.

Mwezi uliopita mlango ukagongwa Ijumaa mchana, na huyo hapo, na begi lake. Amekonda, wifi, mifupa ya shingo unaihesabu. Ameacha timu kabla msimu haujaanza na chuo ameacha. Alisema kwa upole, kwa Kiingereza, kwamba hawezi kucheza mahali alipopelekwa na marehemu aliyesemeshwa kwa nguvu. Kwamba makocha wote walimdanganya na hilo alilitarajia, lakini hakulitarajia kutoka nyumbani kwake.

Ashif alisimama pale ukumbini akitaka kumkumbatia. Mtoto alimpita, akaenda kunibusu mkono. Tangu hapo wako nyumba moja na hawasemezani. Mmoja akiingia jikoni mwingine anatoka. Ashif hali chakula, anakaa ndani ya gari lake gereji, injini imezimwa. Si mtu mbaya mwanangu, usimchukie. Alimzika baba yake akifikiri angalau amemwokolea mwanawe maisha, sasa anaona amewapoteza wote wawili. Najua kwamba wakiendelea hivi nitawakosa wote wawili nami, na sijui la kufanya. Jamaludin anakwenda Markham kila siku kwa Lloyd, anawafundisha watoto wadogo kurusha mpira. Masomo hayataji.

Jumamosi iliyopita aliniomba nimpeleke kaburini. Ashif akatoka mbio na funguo za gari. Mtoto akasema ahsante, Lloyd anatusubiri nje. Usoni mwa Ashif sikuweza kutazama.

Pale kaburini Lloyd alibaki garini. Jamaludin alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, akauweka mkono wake juu ya udongo, akasoma Ayatul Kursi yote. Sikujua kwamba anaijua. Alikuwa ameikariri kwa kuisikia simuni, pamoja na mahali pale babu yake alipokuwa akikohoa katikati, maana alipofika hapo alisimama kidogo kisha akaendelea. Akapuliza. Nililia, wifi, nililia mpaka Lloyd akatoka garini kunishika.

Tulipotulia akaniuliza kama yuko mtu mwingine ambaye hajaambiwa. Nikamwambia hakuna. Kisha nikamwona anavyonitazama, mtoto asiyetuamini tena, nikaona haya. Nikamwambia yupo mmoja. Yuko Tanga, dada yake babu.

Basi hilo ndilo jibu lako. Hemedi aliambiwa siku ile ile, wakakubaliana na Ashif wakuambie tu kwamba kaka anaumwa na hawezi kuongea simuni, mpaka jicho lipasuliwe. Jicho likapasuliwa, ikawa presha. Presha ikatulia, ikawa Maulidi ya Mfungo Sita, ikawa hiki, ikawa kile, mwisho siku zimekuwa nyingi mno na hakuna anayejua aanzie wapi. Walinikataza nisiandike. Na mimi kila ulipouliza nilisema anaendelea vizuri, mdomo wangu huu huu.

Pale kaburini nilimweleza Jamaludin yote hayo. Nilidhani atanikasirikia. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Bibi, yeye bado anamwombea apone."

Kumbe Jamaludin alikuwa anajua, maana sauti zako anazisikia, wifi. Kila Ijumaa unapomtumia Ashif sauti yako kwamba umemsomea kaka Yasini apate nafuu, Ashif anaifungua, anaisikiliza hadi mwisho, anaifunga, na nyumba nzima tunaisikia.

Sikuombi unisamehe leo. Kasirika kwanza. Hemedi usimfukuze, sisi ndio tuliomfunga mdomo. Nisalimie mkewe na wajukuu, na shoga yangu Riziki wa Chumbageni kama bado anakumbuka nani alimfundisha kupika mandazi. Hina anakusalimia. Jamaludin anakusalimia na anauliza kama akija atapata mahali pa kulala, nikamwambia labda miguu ilale nje. Mwenyezi Mungu akupe subira, akulinde wewe na macho yako, na atukutanishe tukiwa hai. Nazira atangojea hapo mpaka ukipenda aondoke.

Ijumaa hii, wifi yangu, ukishasoma Yasini yako, usimwombee kaka yako nafuu tena. Mwombee rehema.

Ni mimi nikupendaye, mke wa marehemu kaka yako,

Kulsumbai